Pedi inayogeuka yenyewe: usikubali ijaribiwe kwa gemu la mpira

Aisee sina hamu. Miezi kadhaa nyuma nilinunua pedi, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, ya mashine ya PS4, isiyo na waya, siyo ile inayokuja na mashine, ni hizi za kampuni nyingine, nikatoa 60,000 yangu kwenye duka moja pale Kariakoo, na mpaka leo nikikumbuka hasira zinanipanda.

Mwanzo ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Stiki, vile vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba, laini, ukiisukuma kidogo inaenda kidogo, ukiisukuma sana inaenda sana, nikawa nalenga mpaka najishangaa. Wiki hazijapita nyingi mambo yakaanza. Niko kwenye Call of Duty, gemu la bunduki, nimejibanza nyuma ya ukuta nalinda mlango, nimeshaskopu, yaani naangalia kupitia shabaha ya bunduki, kidole gumba hata sijakiweka kwenye stiki ya kulia, naona ile alama ya kulengea inatambaa kushoto yenyewe, taratibuuu, inauacha mlango inahamia ukutani. Jamaa anatokea mlangoni mimi naangalia tofali! Ikabidi niwe nasukuma stiki kulia muda wote ili tu kuizuia isiondoke, dakika 20 kidole kinawaka moto.

Nikairudisha dukani. Dogo wa pale akaiunganisha, akaweka gemu la mpira, pasi, pasi, goli. Akanigeukia mbele za wateja, "Bro pedi nzima hii, tatizo ni wewe, huna shabaha." Nilitetemeka jamani. Nimecheza magemu ya bunduki tangu niko shule, halafu mtu aniambie sina shabaha kwa kunionyesha goli?

Kwenye mpira stiki ya kulia ni ya chenga, dakika nzima inapita hujaigusa, kwa hiyo ikidrifti kidogo, yaani ikisogea yenyewe, hakuna atakayejua. Kwenye gemu la bunduki ile stiki ndiyo macho yako na ndiyo shingo yako. Tangu gemu la bunduki la Halo la 2001 liwazoeshe watu wa konsoli, yaani mashine za gemu, kutembea kwa kushoto na kuangalia kwa kulia, kila kitu kiko pale. Ikikudanganya nywele moja tu, risasi inapita pembeni ya kichwa.

Nikaambiwa nipandishe dedizoni, yaani lile eneo la katikati ambalo stiki ikisogea gemu linajifanya halijaona. Nikapandisha. Kweli drifti ikaisha, lakini ikaja balaa nyingine, unasukuma kidogo hamna kitu, unasukuma tena hamna kitu, halafu ghafla inaruka imempita adui. Mimi huyu nimehangaika kuweka tivii kwenye modi ya gemu ili picha isichelewe, gemu linakimbia fremu 60 kwa sekunde, kila fremu kama milisekunde 17, yote hayo nije niyapoteze kwenye stiki iliyokufa katikati? Mkono wangu umeshaamua, pedi bado haijaamua. Inauma kuliko kufungwa kihalali.

Mwisho nikampelekea fundi mmoja mtaani kwetu, akaifungua mbele yangu. Pale chini ya stiki kuna vipande viwili vyenye njia ya kaboni, kuna kichuma kinasugua juu yake kila unapogeuza, akanionyesha ile njia imeshachimbika na vumbi jeusi limejaa. Akasema hizi zote zinaishia hivi, yangu tu imewahi sana. Akang'oa, akachomelea stiki za sumaku, ambazo hazisuguani na kitu, akaziweka sawa mpaka katikati ikawa katikati kweli. 25,000.

Jamani. Nilirudi nyumbani nikashusha dedizoni karibu na sifuri, nikaskopu, nikaachia mikono. Alama imetulia tuli. Nikagusa kidogo, ikasogea kidogo. Usiku ule nililala saa nane.

Sasa hapa ndipo nakwama. Nilikuja kuandika msiinunue hata kwa bure, ila saa hizi ndiyo pedi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, vitufe vyake vinaitika vizuri na mkononi imekaa. Naipa nyota nne... hapana, mbili, hizo nyingine ni za fundi. Duka lile sirudi. Ukienda kununua popote mwambie muuzaji aweke gemu la bunduki, uskope, halafu toa vidole kwenye stiki uhesabu mpaka 30 bila kuigusa, na akikuwekea mpira chukua hela yako uondoke.