Wiki tatu za kupima diski ndani ya mashine pepe

Kwa wiki tatu nimekuwa nikibaki ofisini baada ya saa kumi na moja, karibu na Moi Avenue, nikipima diski. Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini, na hifadhidata ya makontena ilikuwa ihamie kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Nilitaka kujua iwekwe kwenye mfumo upi wa uendeshaji: Debian (aina ya Linux), FreeBSD au Windows Server. Kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi, inaendesha Linux na KVM (sehemu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe), ina ramu ya gigabaiti 32 na SSD moja ya SATA.

Siku ya kwanza Debian ilisoma zaidi ya gigabaiti 2 kwa sekunde. Nikafurahi, kisha nikakaa nikafikiri. SATA 3, njia inayounganisha diski na kompyuta, haipitishi zaidi ya megabaiti 600 hivi kwa sekunde, sasa hizo nyingine zinatoka wapi? Zilitoka kwenye ramu ya mwenyeji. Sikuwa nimepima diski hata kidogo. Nikaweka cache=none, ili mwenyeji asihifadhi data ya diski kwenye ramu yake, nikatumia fio, programu ya kupima diski, yenye direct=1 (ili isipitie kache ya ramu), vipande vya kilobaiti 4, na faili inayozidi ramu ya mgeni, yaani mashine pepe yenyewe. Hapo ile kasi kubwa niliyokuwa nimeiandika daftarini ikayeyuka.

Windows ilibaki nyuma sana, na kosa lilikuwa langu. Linux na FreeBSD huja na draiva za virtio (diski na vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa mashine pepe), Windows haiji nazo. Nilikuwa nimeipa diski ya kuigiza ya IDE. Ukiipa ya virtio, kisakinishi hakiioni diski mpaka ukipakilie draiva kutoka kwenye faili ya virtio-win. Nilipofanya hivyo ikawasogelea wenzake. Iache pia itulie baada ya kuwaka, maana masasisho na ukaguzi wa virusi huikamata diski wakati huohuo.

FreeBSD niliiweka juu ya ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. ZFS ina kache yake, ARC, inayoweka data iliyosomwa kwenye ramu ya mgeni, kwa hiyo usomaji wa mara ya pili haukuambii habari ya diski. Uandishi nao ulikuwa mzito: rekodi ya kawaida ya ZFS ni kilobaiti 128, ilhali ukurasa wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni kilobaiti 8, kwa hiyo badiliko dogo linaandikisha rekodi nzima upya. Nilipoweka recordsize=8K kabla ya kuunda hifadhidata, mambo yakabadilika kabisa.

Jaribio lililonitisha lilikuwa la cache=unsafe. Kwa uandishi hakuna lililolishinda kwa kasi. Jioni moja stima ikapotea, UPS ikaishiwa, na hifadhidata ya majaribio ikakataa kuwaka. Mpangilio ule hupuuza fsync, amri ya kuhakikisha data imeandikwa kwenye diski kweli: mgeni anaambiwa data imefika kwenye diski wakati ingali kwenye ramu ya mwenyeji. Laiti zingekuwa rekodi za wateja, tungekuwa na makontena bandarini na hatuna karatasi zake. Tangu siku hiyo namba yoyote nisiyoambiwa fsync ilikuwaje siihesabu.

Tumechukua Debian, virtio, diski pepe ya muundo wa raw badala ya qcow2, cache=none. Kwa kasi, FreeBSD iliyopangwa vizuri ingetufaa vilevile. Ila wenzangu wawili wa ofisini wanaijua Debian, na stima ikirudi saa nane usiku ndio watakaoamka.