Kulinda gari lisiibwe: ununue kipi kwanza?

Mwenye IST au Vitz ya mtumba hapa Dar akiulizia ulinzi, mara nyingi anauziwa GPS. Mimi naiweka nafasi ya tatu. GPS husaidia kulitafuta gari likishaondoka, na hela yako ya kwanza iende kwenye kinachofanya lisiondoke.

Kwa hiyo anza na swichi ya siri. Fundi umeme anakata waya wa pampu ya mafuta na kuuwekea swichi inayofichwa unapotaka wewe. Mwizi mwenye funguo ya kuchonga anaweza kuliwasha kwa mafuta yaliyobaki kwenye mipira, lakini muda si mrefu litazima. Hii ni kinga ya bei nafuu sana. Mtafute fundi unayemjua mpaka kwake, kwa sababu naye anajua swichi ilipo. Na aweke rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya ile ndogo) na fyuzi: swichi ndogo ikibebeshwa mzigo wote wa pampu huungua, ukazimikiwa katikati ya Barabara ya Mandela.

Ya pili ni kufuli ya gia, ile ya chuma inayokazwa sakafuni kwa boliti ambazo vichwa vyake hukatika zikishakaza. Gia ikifungwa kwenye P, hata injini ikiwaka gari haliendi. Kufuli ya usukani inaonekana kwa mbali na bei yake ni ndogo, ila usukani wenyewe hukatwa kwa msumeno. Ichukue tu kama ya gia haipatikani kwa gari lako.

Sasa GPS. Muulize muuzaji: ina betri yake ndani? Waya ukikatwa inatuma ujumbe? Kifurushi cha laini kikiisha, nani anaongeza? Isifichwe chini ya bati, itashindwa kusoma satelaiti. Na kama inaweza kuzima injini kwa simu, kataa ile inayozima papo hapo gari likiwa kwenye mwendo: usukani unakuwa mzito, breki nazo zinakosa nguvu ya injini. Nzuri husubiri gari lipunguze mwendo.

Unayelaza gari nje, jua kwamba wengi wanaibiwa vifaa: sait mira, taa, swichi za vioo. Kwako, kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa, pamoja na kupiga ribiti, kunapanda juu ya GPS. Kifaa chenye namba yako hakiuziki kirahisi.

Alamu iwe ya mwisho; mtaani inalia kila pikipiki ikipita, na majirani wameshaizoea.

Bima ya mtu wa tatu peke yake hailipi gari lako likiibwa. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, hulipa. Kabla ya kununua GPS, uliza kampuni yako ya bima inakubali zipi, kisha tunza risiti ya fundi.