shapeR: programu ya bure ya kutenganisha akiba za samaki kwa umbo la otolithi

Ukitaka kujua kama heringi, samaki wa baharini, wa maeneo mawili ni akiba moja (kundi linalozaana lenyewe) au mbili, na fedha za kupima vinasaba huna, anza na shapeR. Ni kifurushi kisicho na malipo cha R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kazi ya Lísa Anne Libungan na Snæbjörn Pálsson wa Iceland, waliokitangaza mwaka 2015. Husoma ukingo wa otolithi, kijiwe cha sikio la ndani la samaki, kutoka kwenye picha na kuugeuza kuwa namba zinazolinganishika.

Folda ya mradi iwe na folda za Original, Fixed na Original_with_outline, pamoja na faili la CSV (jedwali) la takwimu za samaki. Safu wima ya cal ni idadi ya pikseli katika milimita 1. Ukiikosea, vipimo vyote vya urefu na eneo vinapotoka. Jina la picha nalo lilingane na lililoandikwa kwenye faili hilo herufi kwa herufi.

Kazi ngumu iko kwenye picha. Otolithi ing'ae juu ya weusi mtupu. Kizingiti cha mwangaza cha detect.outline, amri inayochora mstari wa ukingo, huanzia 0.2; mandhari ikiwa ya kijivu, au utando haukusuguliwa ukatoka, mstari hufuata uchafu badala ya ukingo. Kagua mistari picha moja moja kabla ya kuendelea. Otolithi iliyovunjika ncha itupwe. Tumia upande mmoja tu, kushoto au kulia, kwa samaki wote.

Baada ya smoothout, inayolainisha mstari, generateShapeCoefficients hutoa viwianishi, yaani namba zinazoeleza umbo, kwa njia mbili za kihesabu: wavelet na Fourier. Kisha enrich.master.list huviunganisha na takwimu za samaki. Hatua ninayoithamini zaidi ni stdCoefs: huondoa athari ya urefu wa samaki, na kiwianishi ambacho uhusiano wake na urefu hutofautiana kati ya makundi hukitupa kabisa. Bila hiyo ungetangaza akiba mbili kumbe umelinganisha wadogo na wakubwa.

Upungufu wake? Hakina vitufe, ni amri tupu, na ulinganishaji wa makundi unahitaji vifurushi vingine kama vegan. Mfano wa heringi wa Iceland, Norwe na Uskoti uliomo ndani unatosha kujifunzia.

Lakini umbo huathiriwa pia na joto la maji, chakula na kasi ya kukua. Makundi yanayozaana pamoja yanaweza kuonekana tofauti, na yasiyozaana pamoja yakafanana. Kwa hiyo kusanya samaki wakati wa kutaga, maana malishoni akiba huchanganyika, na wawe wa rika moja. Kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa na nchi nne, nisingekubali mpaka wa usimamizi uchorwe kwa umbo pekee. Niongezewe ushahidi wa vinasaba au wa vimelea walio mwilini mwa samaki.