Gemu za mkononi za zamani: ununue ya chipu au ya programu?

Lalamiko ni lilelile. Mtu kanunua mashine ndogo ya gemu, kaambiwa ina gemu elfu kumi ndani, kioo kinang'aa, vitufe laini. Wiki haijaisha anaanza kuuliza mbona akibonyeza kuruka, mhusika anaruka kwa kuchelewa, na mbona mandhari inashtukashtuka ikisogea, wakati Game Boy ya utotoni, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, haikufanya hivyo. Mashine yake ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza, kabla hajatoa hela, jinsi mashine hiyo inavyoigiza Game Boy.

Rangi, uzito na ukubwa wa mfuko utajionea mwenyewe dukani. Hapa nashughulika na kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi: muda.

Mashine nyingi zinazouzwa huigiza kwa programu. Ndani kuna Linux au Android, na juu yake emuleta, yaani programu inayojifanya Game Boy. Prosesa inafanya kwa zamu kazi ambazo ndani ya Game Boy zilifanywa na sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja: inahesabu kidogo, inachora kidogo, inatengeneza sauti kidogo, kisha picha nzima inawekwa kando kungoja kioo kiwe tayari. Kitufe chako nacho kinapanga foleni. Mashine za FPGA haziko hivyo. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kila ukiwasha, hadi zifanye kazi kama saketi za Game Boy. Sehemu zote zinakwenda pamoja, kwa mapigo ya saa yaleyale, na foleni haipo.

Wauzaji wa FPGA hupenda kusema chao ni "halisi" na emuleta ni bandia. Si kweli. Mpangilio wa FPGA nao umeandikwa na mtu, na akikosea, gemu itakosea vilevile. Emuleta kama SameBoy na mGBA ni sahihi sana. Tofauti ninayoisemea mimi iko kwenye muda tu.

Chukua kalamu. Saa ya ndani ya Game Boy ya mwaka 1989 inapiga mapigo 4,194,304 kwa sekunde. Kila fremu, yaani picha moja nzima ya kioo, ina mistari 154, kila mstari mapigo 456, jumla 70,224. Gawanya, utapata fremu 59.73 kwa sekunde. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ina saa ya kasi mara nne, lakini nayo inaishia 59.73. Vioo vya kisasa kwa kawaida ni 60. Tofauti ni 0.27, na watu huipuuza kwa sababu inaonekana ndogo. Sasa emuleta ina njia mbili. Ikishika kasi halisi ya gemu, kila baada ya sekunde 3.7 hivi kioo kinakosa fremu mpya na kinarudia ile ya zamani. Huo ndio mshtuko unaouona. Ikiamua kufuata kioo, gemu nzima inaharakishwa karibu nusu asilimia: mandhari inateleza vizuri, ila saa moja ya kucheza inapungua sekunde 16, na muziki unapanda kidogo. Anayeshindana kumaliza gemu kwa muda mfupi ataumia. Anayecheza akingoja daladala hatajua kamwe.

Ukitaka kuona kwa macho yako, pakua 240p Test Suite, programu ya kupima picha. Ni ya bure, na ina toleo la Game Boy na la Game Boy Advance. Fungua jaribio la mandhari inayosogea, kaza macho kwenye ukingo mmoja uliosimama wima, kisha hesabu moja hadi nne polepole. Ukingo ukijikwaa kila unapokaribia nne, umeuona ugonjwa.

Kwangu mimi ya kwanza ni Analogue Pocket, mashine ya FPGA, na siifichi. Kioo chake kinafuata kasi ya gemu badala ya gemu kufuata kioo, hivyo ule mshtuko haupo. Kina pikseli 1600 kwa 1440. Game Boy ilikuwa na 160 kwa 144, kwa hiyo kila pikseli ya zamani inakaliwa na pikseli 100, kumi kwa kumi. Ndiyo maana inaweza kuchora hata ule wavu mwembamba uliokuwa kati ya pikseli za kioo cha kijani, na jicho likakubali. Inasoma kaseti za Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, na kwa adapta inasoma za Game Gear, Neo Geo Pocket Color na Atari Lynx. Tangu Julai 2022 inapokea pia mipangilio ya mashine nyingine iliyoandikwa na watu wa nje: unaweka mafolda ya Cores, Assets na Platforms kwenye memori kadi, unawasha, unachagua. Kasoro zipo. Gemu za Advance ni pana kuliko kioo hicho kinachokaribia mraba, kwa hiyo huacha weusi juu na chini.

Kaseti halisi ina jambo jingine linalosahaulika: baadhi zina vifaa ndani. Gemu ya Boktai ya mwaka 2003 ina kihisi cha mwanga wa jua juu ya kaseti, na shujaa wake huchaji silaha kwa jua la kweli. Kwenye emuleta unasogeza namba ya jua kwa menyu. Kwenye Pocket unatoka uani saa sita mchana, na kwa jua letu hili silaha haikosi chaji.

Kaseti isiposomeka usiipulizie. Mate yana unyevu, na unyevu unalisha kutu. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, sugua miguu ya metali, ngoja ikauke, ndipo uchomeke kaseti mashine ikiwa imezimwa. Gemu ikiwaka lakini hifadhi zako zinapotea kila ukizima, betri ya kidonge iliyo ndani ya kaseti imekwisha. Hiyo haiponi kwa kununua mashine mpya, inataka fundi wa kuchomelea.

Ya pili ni ModRetro Chromatic, iliyotoka mwisho wa 2024. Nayo ni FPGA, na kioo chake kina pikseli 160 kwa 144 kamili, kama cha zamani, kwa hiyo hakuna kukuza picha wala kukadiria. Inatumia betri tatu za AA, zinazopatikana duka lolote la mtaani. Ila inasoma kaseti za Game Boy na Game Boy Color tu. Kama roho yako iko kwenye Advance, ipite.

Kwa upande wa programu ningechukua Anbernic RG34XX, na sababu ni moja: kioo chake ni 720 kwa 480, yaani Game Boy Advance ya 240 kwa 160 mara tatu kamili. Vioo vya 640 kwa 480, kama cha Miyoo Mini Plus, vinaikuza mara 2.67, hivyo pikseli nyingine zinakuwa nene, nyingine nyembamba, na picha inametameta ikisogea. Kwa Game Boy ya kawaida Miyoo haina shida: mara tatu inakaa, na weusi unabaki pembeni.

Kuchelewa kwa kitufe kunapunguzika kama mashine yako ina RetroArch, programu inayoendesha emuleta nyingi. Kwenye mipangilio yake, zima uchoraji wa video kwenye uzi tofauti (Threaded Video). Kisha simamisha gemu, shikilia kitufe cha kuruka, usogeze fremu moja moja na kuhesabu hadi mhusika atikisike. Toa moja. Namba inayobaki ndiyo utakayoweka kwenye Run-Ahead, kipengele kinachoendesha gemu fremu kadhaa mbele ili jibu la kitufe lionekane mapema. Ukizidisha, mwendo wa mhusika utakatika vipande. Kumbuka pia kwamba prosesa inafanya kazi zaidi kwa kila fremu unayoongeza, na chipu dhaifu itaanza kukwama.

Simu na kidhibiti cha bluetooth? Inacheza. Bluetooth inaongeza kuchelewa kwake, basi.

Sasa wauzaji. Pocket inatoka zaidi ya dola 200 kwa mtengenezaji, na imekuwa ikiisha akiba mara kwa mara. Ikishavuka bahari kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya. Hayo naelewa. Nisichoelewa ni mtu kuuza mashine ya programu ya dola 60 hivi, bila kaseti wala FPGA, akaiita Game Boy "orijino" na kuongeza bei maradufu kwa sababu ya zile gemu elfu kumi. Gemu hizo si mali yake, nusu ni zilezile kwa majina tofauti, na zimewekwa kwenye memori kadi isiyo na chapa. Kadi hiyo ndiyo itakayokufa kwanza, na itaondoka na hifadhi zako zote. Siku ya kwanza, kabla ya kucheza, nakili kadi nzima kwenye kompyuta kama faili moja la image, si mafaili tu, maana mara nyingi mfumo wa kuwashia mashine umo humo. Nunua kadi ya GB 64 yenye jina linalojulikana, ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, maana za bandia huandika GB 64 na kubeba GB 8. Ikipita, iandike image hiyo kwenye kadi mpya, na ile iliyokuja na mashine itie kwenye droo.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa menyu peke yake. Mwambie awashe gemu ya mandhari inayosogea, hesabu hadi nne mara tatu au nne, kisha bonyeza kuruka huku umeangalia miguu ya mhusika. Akikataa kuiwasha, rudisha pochi mfukoni.