Uzi wa tiara za kushindana: pamba au nailoni?

Kila Januari 14, sikukuu ya Uttarayan, anga la Ahmedabad nchini India hujaa tiara zinazowindana ili kukatana nyuzi.

Uzi wa pamba hupakwa uji wa wali uliochanganywa na unga wa vioo na rangi, kisha ukaanikwa. Mafundi wa Bareilly, mji wa kaskazini mwa India, wanasifika kwa kazi hiyo. Unakata vizuri, na ukizidiwa nguvu hukatika.

Nailoni ni bei rahisi na haikatiki ovyo. Balaa liko hapo hapo: ndege hunasa mbawa, waendesha pikipiki hukatwa shingo. Mahakama ya mazingira ya India iliipiga marufuku mwaka 2017, lakini bado inauzwa kichinichini.

Mimi pamba. Mchezo wenyewe ni kukatana, sasa uzi usiokatika una raha gani? Ila funga plasta vidoleni. Hata pamba inachana.