Leseni za michezo ya treni Uingereza: milango mingi au mmoja?

Chini ya kampuni binafsi, mtengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni kama Train Sim World huomba idhini ya nembo na rangi za treni kwa kila kampuni inayoziendesha; kazi hiyo inachosha, lakini mmoja akikataa, mwingine huweza kukubali. Tangu kampuni ya treni za abiria South Western Railway irejeshwe serikalini Mei 2025, huku shirika la umma la Great British Railways likipangwa kuunganisha huduma, milango ya kuombea idhini inapungua. Mazungumzo yatakuwa mepesi, ila jibu moja la kukataa litafunga njia nyingi za abiria kwa pamoja. Treni za mizigo zitabaki kwa kampuni binafsi. Ninaupendelea mfumo wa umma, mradi masharti yawe wazi na rangi za zamani, ambazo wachezaji wanazithamini mno, zisikose mtu wa kuziidhinisha.