Kibanda cha Kirumba kinachoonesha NFL, nilienda kumwangalia Membou

Wadau wa Mwanza mnaouliza NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, mtu anaangalia wapi, nendeni Kirumba. Ukitoka mwaloni unapanda kama unaelekea uwanjani, ukiona mama anakaanga dagaa na muhogo mlangoni umefika. Jumapili kiingilio buku tu. Mechi za kwanza zinaanza saa 2 usiku kwa saa zetu, Novemba Wamarekani wakirudisha saa nyuma zinasogea saa 3. Zile za saa 9 usiku hawaoneshi na siwalaumu, watu wanaamkia samaki.

Mi nilienda kwa ajili ya mtu mmoja, Armand Membou wa New York Jets, dogo aliyekuwa na miaka 21 mwaka 2025, wazazi wake wametokea Kameruni, kachaguliwa namba 7 kwenye drafti ya 2025, yaani pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya wa kutoka vyuoni, akitokea chuo cha Missouri. Anacheza teko, yaani lile jitu la mwisho pembeni kwenye safu ya watu watano wanaomkinga kotabeki, yule mrusha mpira, asifikiwe. Hashiki mpira, kamera haimfuati, na kwenye kioo cha simu humuoni kabisa ndo maana hiki kibanda nakipenda, projekta yao inatoa picha kubwa unaona safu nzima mpaka viatu, halafu kila mpira ukisimama, mpaka waanze tena zipo kama sekunde 40 na kijana wa rimoti ukimwomba vizuri anakurudishia uone tena.

Siku yangu ya kwanza pale ilikuwa 7 Septemba 2025, Jets na Steelers. Upande wa Membou ndo anaopitia T.J. Watt, mtu ambaye 2021 aliangusha makotabeki mara 22.5 (wakimwangusha wawili kila mmoja anahesabiwa nusu) akaifikia rekodi ya ligi ya wakati huo. Na dogo hiyo ndo mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi jamani. Jets wakafungwa 34-32, ila Watt alitoka uwanjani hajamwangusha kotabeki hata mara moja. Nilisimama nikapiga makofi mpaka wa nyuma wakaniambia kaa chini kaka.

Nimebeba mizigo mwaloni miaka kadhaa. Unashuka kwenye mtumbwi una kreti la sangara begani, ubao umelowa, hapo unajua kwamba mgongo wenye nguvu si kitu kama miguu haijui pa kukanyaga. Ndicho ninachokiona kwa huyu kijana. Ana kilo 151 na yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, alizikimbia kwa sekunde 4.91, watu wanazisifia sana hizo mbio lakini mi zinazonipa imani ni zile hatua fupi za kurudi nyuma, anasogea na mtu wake bila papara, kifua kimetulia, mikono inasubiri. Mzee mmoja pembeni yangu hajui sheria hata moja, nikamwambia asiangalie mpira aangalie yule wa mwisho kulia, baada ya muda akasema, "Ng'wanawane, huyu hasukumwi," yaani mwanangu kwa Kisukuma.

Jets walipoteza mechi 7 za mwanzo wa msimu ule na wapo wanaosema kipaji kitapotelea hapo. Sikubaliani. Kushoto yupo Olu Fashanu, naye kijana, namba 11 ya drafti ya 2024, kwa hiyo timu imeshaweka nguzo pande zote mbili, na mkataba wa Membou ni miaka 4, wakitaka wanaongeza wa 5. Halafu teko mzuri anadumu, Trent Williams aliingia ligi 2010 na 2025 alikuwa bado anacheza San Francisco akiwa na miaka 37. Huyu wetu ndo kwanza anaanza.

Turudi kibandani. Mabenchi hayana pa kuegemea, robo ya tatu kiuno kinauma, na joto lipo. Simba au Yanga wakicheza muda huo NFL inahamishiwa kwenye runinga ndogo ya kona, hapo safu huioni vizuri tena. Umeme ukikatika jenereta wanawasha chapchap. Dagaa chukua na pilipili.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Fika saa moja na nusu ukae benchi la pili, la kwanza liko karibu mno na ukuta na pembeni mwa picha hupaoni vizuri.